Soma Jalada la Nyumba Kabla ya Kumkabidhi Mzazi

Simu inayolia saa nane za usiku aghalabu haileti heri, seuze ikiwa inatoka ng'ambo. Hivyo ndivyo nilivyoamshwa usiku mmoja wa Julai mwaka jana na binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye makazi yake yako viungani mwa Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California nchini Marekani. Kwao ilikuwa bado alasiri. "Kaka," alianza bila hata salamu, "Mama ameacha jiko likiwaka tena. Hii ni mara ya tatu mwezi huu."

Shangazi alikwenda huko miaka kumi na mitano iliyopita kulea wajukuu. Wajukuu wamekua na kuondoka, na yeye amebaki na miaka yake 82, kumbukumbu zikimponyoka moja baada ya nyingine. Binamu na mkewe wote wawili hufanya kazi za zamu hospitalini. Walikuwa wamepata nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na kwao, na walitakiwa watie sahihi mkataba kabla ya mwisho wa juma. Lakini hawakuthubutu kufanya hivyo pasipo neno la ukoo. Kwa kuwa marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa kaka yake mkubwa shangazi, neno hilo lilikuwa limeniangukia mimi.

Msomaji asitarajie nianzishe upya ule mjadala wa kama ni haki au ni laana kwa Mwafrika kumpeleka mzazi wake makaoni. Mjadala huo umeandikwa hadi ukachakaa, na wengi wanaoushabikia hawajawahi kukesha na mzee anayetaka kutoka nje saa tisa za usiku akidai kwamba ng'ombe hawajakamuliwa. Mimi nilikuwa na swali jingine.

Binamu alinitumia kijitabu cha matangazo cha nyumba ile. Kilikuwa na picha za mawaridi, ukumbi wenye piano, na bibi kizee aliyecheka meno yote nje. Kazi yangu ni isimu, na ugonjwa wa watu wa kazi yangu ni kuhesabu maneno. Nikahesabu. Neno "familia" lilitajwa mara tisa. Neno "muuguzi" halikutajwa hata mara moja. Pale chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchanga, palikuwa na nambari ya tarakimu tisa ambayo binamu hakuwa ameitia maanani.

"Umelisoma jalada la nyumba hiyo?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. "Jalada gani, Kaka?"

Hapo ndipo ilipo kiini cha makala haya. Watu wetu walioko ng'ambo ni wengi, na wazazi waliowafuata huko wanazeeka. Wengi wao hawajui kwamba nyumba za namna hii huwa na leseni, kwamba mkaguzi wa serikali huzitembelea na kuandika alichokiona, na kwamba maandishi hayo ni mali ya umma. Yeyote anaweza kuyasoma bila ya kueleza ni kwa nini anayataka. Tatizo ni kuyafikia, na kinachowazuia wengi ni maneno zaidi kuliko milango iliyofungwa.

Nieleze kwanza aina ya nyumba ninazozizungumzia. Si hospitali, wala si zile nyumba za uuguzi ambamo wagonjwa hulazwa wakihudumiwa na wauguzi usiku na mchana. Nyumba za uuguzi za Marekani, karibu zote, hupokea fedha za serikali kuu kupitia mipango ya Medicare na Medicaid. Kwa hiyo zinabanwa na sheria ya taifa ya mwaka 1987, na tangu mwaka 1998 serikali kuu huyatangaza matokeo ya ukaguzi wake mahali pamoja, nchi nzima. Nyumba aliyoipata binamu yangu ni ya aina nyingine. Mzee huwa na chumba chake, hupikiwa, husaidiwa kuoga na kuvaa, na hukumbushwa dawa zake. Wamarekani huuita utaratibu huo kuishi kwa kusaidiwa. Hakuna sheria ya taifa inayotoa leseni kwa nyumba hizi. Kila jimbo lina sheria yake, wakaguzi wake, na, jambo linalomhusu mwanaisimu, lina jina lake.

Majina haya ndiyo yanayowapoteza watu. California huziita kwa jina refu ambalo ningelitafsiri "vituo vya makazi na uangalizi wa wazee", na maafisa wake hulifupisha kwa herufi nne, RCFE. Ukiingia katika rejista ya jimbo hilo na kutafuta kwa jina lile la mitaani ambalo kila mtu hulitumia, unaweza kuondoka mikono mitupu ukadhani nyumba haina leseni. Pennsylvania inazo nyumba za uangalizi wa mtu binafsi na, kando yake, makazi ya kuishi kwa kusaidiwa, kila aina ikiwa na kanuni zake. North Carolina huzungumzia nyumba za uangalizi wa watu wazima. Katika jimbo la Washington kuna zile zinazoitwa nyumba za familia za watu wazima, ambazo ni nyumba za kawaida mtaani zinazochukua wazee wachache, kwa kawaida wasiozidi sita. Si wachache miongoni mwa wenye nyumba hizo ambao ni wahamiaji kutoka Afrika Mashariki. Mtoto anayemtafutia mamake mahali pa kukaa hana budi kwanza aulize sheria ya jimbo lake huliita jambo hili nini. Asipofanya hivyo atakuwa kama mtu anayetafuta jina la Wanjiku katika rejista iliyoandikwa majina ya ubatizo pekee.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Minnesota, jimbo ambalo Wakenya wengi, hasa kutoka Kisii na Nyamira, wamelowea. Huko nyumba hizi hazikuwa na leseni yao mahususi hadi tarehe 1 Agosti 2021. Kabla ya hapo jengo lilisajiliwa chini ya sheria moja kama makazi yenye huduma, na kampuni inayoleta wahudumu ikapewa leseni chini ya sheria nyingine, ile ya huduma za nyumbani. Ikawa rekodi ya nyumba moja imegawanyika vipande viwili vyenye majina mawili. Wakati huo huo mambo yalikuwa yakiharibika ndani. Mnamo Machi 2018 mkaguzi wa bunge la jimbo alitoa ripoti kwamba afisi iliyopaswa kuyachunguza malalamiko ya wazee haikuifanya kazi yake ipasavyo. Bunge likapitisha sheria mwaka 2019, na miaka miwili baadaye nyumba na huduma zikawekwa chini ya leseni moja. Sidhani kuna mfano bora wa kuonyesha kwamba jinsi serikali inavyoviita vitu huamua ni nini mwananchi ataweza kukiona.

Turejee California, kwa shangazi. Mwenye majalada huko ni Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo, kupitia kitengo chake cha utoaji wa leseni za uangalizi wa kijamii. Nambari ile ya tarakimu tisa ndiyo leseni, na sheria ya California inamtaka mwenye nyumba aiandike katika matangazo yake. Usitafute kwa jina la nyumba ukiweza kutafuta kwa nambari. Jina la biashara ni vazi, hubadilishwa. Tuliiingiza nambari katika tovuti ya idara, na nyumba yetu ikatokea: jina la mwenye leseni, idadi ya vitanda, tarehe ya leseni, na orodha ya ziara za wakaguzi.

Orodha ilikuwa fupi na safi. Leseni ilikuwa na umri wa miaka miwili, mkaguzi alikuwa amefika mara mbili, na hakukuwa na kasoro hata moja. Binamu alifurahi. Mimi nikatazama tena ule ukumbi wa piano kwenye picha. Mbao za sakafu zilikuwa zimechakaa. Jengo hilo halikuwa na umri wa miaka miwili.

California inapouziwa mtu mwingine biashara ya namna hii, mnunuzi hawezi kurithi leseni ya muuzaji. Huomba yake mpya, naye hupewa nambari mpya. Yaliyoandikwa na wakaguzi kabla ya hapo hubakia chini ya nambari ya zamani, katika jalada lililoandikwa kwamba nyumba hiyo imefungwa. Tukatafuta upya, safari hii kwa anwani ya mtaa. Ikatokea nyumba nyingine, mahali pale pale, yenye jina jingine na yenye jalada nene. Nitaeleza tulichokiona humo, lakini kwanza ni lazima niseme jinsi majalada haya yanavyosomwa, kwa maana lugha yake ina mitego.

Ripoti za California huja kwa fomu mbili kuu. Fomu nambari 809 ni taarifa ya ukaguzi wa kawaida. Fomu nambari 9099 ni taarifa ya uchunguzi wa malalamiko. Kasoro zikionekana hutiwa katika madaraja mawili. Aina A ni ile inayohatarisha afya au usalama wa mkazi papo hapo. Aina B ni ile inayoweza kuleta hatari isiporekebishwa. Kila kasoro huambatanishwa na kifungu cha sheria kilichovunjwa, ahadi ya mwenye nyumba ya jinsi atakavyorekebisha, na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo. Hesabu ya kasoro peke yake haisemi mengi. Nyumba yenye kasoro sita za Aina B, moja ikiwa ni taa ya ngazini iliyoungua na nyingine fomu ya mfanyakazi iliyokosa tarehe, yaweza kuwa salama kuliko nyumba yenye kasoro moja ya Aina A.

Katika fomu ya malalamiko kuna maneno matatu ambayo kila mtoto wa mzee anapaswa kuyajua. Mchunguzi anaweza kusema kwamba lalamiko limethibitika, yaani ushahidi wa kuliunga mkono umeuzidi ule wa kulipinga. Anaweza kusema kwamba halina msingi, yaani ni la uongo au haliwezi kuwa lilitokea. Na baina ya hayo mawili kuna neno la tatu, kwamba lalamiko halikuthibitika. Maana yake, kwa mujibu wa fomu yenyewe, ni kwamba huenda jambo hilo lilitokea lakini ushahidi haukutosha. Msomaji wa haraka huliona neno "halikuthibitika" akadhani mwenye nyumba amesafishwa. La hasha! Tafakari ni nani aliye shahidi katika nyumba hizi. Ni mzee anayesahau alichokula asubuhi. Mtu wa namna hiyo akisema kwamba jana alisukumwa akaanguka, na mfanyakazi akakana, ushahidi utazidi upande gani? Lalamiko moja lisilothibitika si kitu. Saba za aina moja, zilizoletwa na watu mbalimbali katika miaka mitatu, ni habari nzito, hata kama kila moja limeandikiwa neno lile lile.

Majina hayamo. Wakazi huandikwa kwa herufi na tarakimu, Mkazi wa 1, Mkazi wa 2, na wafanyakazi vivyo hivyo. Majina halisi huwekwa katika karatasi ya siri, na jina la aliyelalamika halitolewi. Hilo ni sawa kabisa. Lakini mtindo wenyewe una ubaridi unaohitaji mazoea. Mkaguzi hatasema kwamba bibi alisahauliwa kitini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ataandika kwamba ilibainika Mkazi wa 1 hakupewa huduma kulingana na mpango wake wa mahitaji. Sentensi haina mtendaji. Nimesomesha tungo za kutendwa kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuona zikimficha mtu vizuri namna hii.

Na kuna utupu wa jalada wenyewe. Jalada lisilo na kasoro laweza kuwa na sababu mbili: hakukuwa na kosa, au hakukuwa na mkaguzi. Mwaka 2003, California ilipokuwa ikibana matumizi, ukaguzi wa kila mwaka uliondolewa kwa nyumba nyingi, zikawa zinaweza kukaa hadi miaka mitano bila kutembelewa. Na hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, aliyetaka kuzisoma ripoti ilimlazimu aende kwenye afisi ya wilaya na kuomba jalada la karatasi. Ni wangapi, wenye zamu za usiku, wangefanya hivyo?

Kisha yakatokea ya Castro Valley, mji ulio upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco. Oktoba 2013 serikali ya jimbo iliisimamisha leseni ya nyumba iliyoitwa Valley Springs Manor na kuamuru ifungwe. Wafanyakazi wakaondoka mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwalipa. Zaidi ya wazee kumi wakaachwa humo ndani. Waliosalia nao walikuwa wawili, Maurice Rowland, mpishi, na Miguel Alvarez, mfagizi. Watu hao wawili, ambao hawakuajiriwa kumwogesha wala kumpa dawa mtu yeyote, waliwalisha wazee wale, wakawaogesha na kuwapa dawa kwa siku kadhaa, usiku na mchana bila ujira, mpaka msaada ulipofika. Serikali iliyoifunga nyumba haikuwa imehakikisha kwamba waliomo wamepata pa kwenda. Aibu ya jambo hilo iliwasukuma wabunge wa California kupitisha mfululizo wa sheria mwaka 2014. Sheria ya mwaka uliofuata ikarudisha ukaguzi wa mara kwa mara hatua kwa hatua, hadi mwaka 2019 ukawa tena wa kila mwaka. Mwaka 2020 janga la Korona likauvuruga, ziara nyingi zikafanywa kwa simu na video. Kwa hiyo anayelisoma jalada la California leo atazame kwanza tarehe, kabla hata ya kutazama kasoro.

Sasa niseme tulichokiona chini ya jina la zamani la nyumba yetu. Jalada lilikuwa na ziara kumi na moja. Tuliyapita mambo ya taa na fomu. Kisha tukafika kwenye ripoti ya Aina A ya miaka mitatu iliyotangulia. Mkazi wa 1, mwenye maradhi ya kusahau, alitoka usiku kwa mlango ambao kengele yake ilikuwa imezimwa, akapatikana asubuhi kwenye kituo cha basi akiwa na nguo za kulalia. Usiku huo nyumba nzima ilikuwa mikononi mwa Mfanyakazi wa 2 peke yake, aliyemwambia mkaguzi kwamba alikuwa kazini tangu asubuhi ya siku iliyotangulia.

Nilimsomea binamu sentensi hiyo kwa simu. Nilitarajia angekasirika juu ya mlango. Badala yake akaniuliza, "Huyo Mfanyakazi wa 2, unadhani ni nani?" Sikuwa na jibu, wala fomu haikuwa nalo. Lakini sote wawili tulikuwa na jibu letu moyoni. Katika nyumba hizo, anayekesha zamu mbili mfululizo ili atume karo nyumbani ni mara nyingi mtu kama sisi. Mkewe binamu alianza maisha yake ya Marekani kwa kazi hiyo hiyo. Katika jalada la umma, uchovu wake huandikwa kuwa ni kasoro ya nyumba, na ni haki iandikwe hivyo, maana si yeye aliyepanga zamu.

Binamu alikwenda kumwona msimamizi. Msimamizi akasema kwamba hayo ni ya mwenye nyumba wa zamani. Yawezekana ni kweli. Binamu akaomba aonyeshwe kengele ya mlango ikilia. Haikulia. Mkataba haukutiwa sahihi.

Tulitumia majuma matatu kuyasoma majalada ya nyumba nyingine nne. Tulipiga simu pia kwa mtetezi wa wazee wa wilaya, afisa ambaye kila jimbo la Marekani linatakiwa na sheria ya taifa liwe naye, na ambaye huingia katika nyumba hizi na kusikiliza manung'uniko. Hakutuambia tuchague ipi, na si kazi yake. Alitueleza tu ni maswali gani tuyaulize, na akatusisitizia twende jioni ya Jumapili, wakati wasimamizi hawapo. Ushauri huo wa Jumapili ulikuwa na thamani kuliko nusu ya yale niliyoyasoma.

Katikati ya shughuli hiyo binamu alinigeuzia kibao. "Kaka, kwani hatuwezi kumrudisha nyumbani? Siku hizi nasikia Nairobi kuna makao mazuri. Majalada yake tutayasoma wapi?"

Swali hilo lilinikalia kooni. Kenya ina makao ya wazee yenye historia ndefu na heshima, kama vile Nyumba ya Wazee ya Kasarani inayoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, na yale ya Kanisa la PCEA kule Thogoto. Siyataji kwa kuyalaumu. Fauka ya hayo, zimeanza kuchipuka nyumba za kibiashara katika mitaa ya watu wenye uwezo, nazo zina vijitabu vyenye mawaridi vile vile. Nilikaa jioni tatu mbele ya tarakilishi nikitafuta, kwa majina yote niliyoweza kuyabuni, ripoti moja tu ya mkaguzi kuhusu nyumba moja tu kati ya hizo. Sikuambulia hata moja.

Hata hivyo, sheria tunazo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kwamba wanapata matunzo ya kiasi kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali yenyewe. Katiba hiyo humhesabu mtu kuwa mzee apitapo miaka 60. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu binafsi iwapo zinahitajika ili kulinda haki fulani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ikaeleza jinsi ya kufanya hivyo. Unaandika ombi. Hulipi ada ya kuwasilisha ombi, ila waweza kutozwa gharama ya kunakili. Sababu yako ya kuomba haiwezi kutumiwa kukunyima. Unapaswa kujibiwa katika muda wa siku 21, au saa 48 ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukikataliwa, unalo dirisha la kukata rufani kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman.

Na kuna jambo ambalo nakiri lilinipa furaha ya kitaalamu. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinasema kwamba ombi litaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, afisa anapaswa amsaidie na kuliandika ombi lake. Nimewauliza wenzangu kumi na wawili katika idara yetu, walimu wa Kiswahili wenye shahada za juu, kama kuna aliyewahi kuitumia haki hiyo kwa lugha anayoifundisha. Hakuna. Nami ilinibidi nijihesabu kuwa wa kumi na tatu.

Shangazi hakurudi. Daktari wake alishauri asisafirishwe mbali katika hali yake, na Septemba alihamia katika nyumba ya vitanda sita yenye jalada la miaka tisa: ziara nyingi, kasoro saba za Aina B, zote zimerekebishwa kabla ya tarehe zilizowekwa, na lalamiko moja lililoonekana halina msingi. Kengele ya mlango inalia. Binamu huijaribu kila Jumapili. Tunapozungumza kwa simu, shangazi huniuliza nyumba hiyo ni ya nani, nami humjibu kwamba ni ya watu tunaowajua. Nikimwambia hivyo huwa namfikiria yule mkaguzi ambaye sijawahi kumwona uso, aliyetembea vyumbani humo mwaka baada ya mwaka na kuandika kwamba mfuniko wa pipa la jikoni ulikuwa umevunjika.

Mimi nami niliiandika barua yangu, kurasa mbili za Kiswahili, kwa afisi moja ya umma hapa Nairobi. Niliomba orodha ya makao ya wazee yaliyosajiliwa katika eneo lake, pamoja na nakala ya ripoti ya mwisho ya ukaguzi ya kila moja. Niliipeleka mwenyewe. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaigeuza kuona kama nyuma kulikuwa na kitu.

"Mwalimu," akaniuliza, "ile ya Kiingereza iko wapi?"

Nikamwambia kwamba hakuna, na kwamba sheria inairuhusu hii. Akaifikiria kwa muda. Hakubisha. Aliigonga muhuri, akanipa nakala, kisha akasimama mbele ya kabati la majalada akiwa hajui aitie katika lipi. Hatimaye akachukua jalada jipya, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mwekundu: "Wazee – Mengineyo." Leo ni siku ya kumi na saba.